Siku Boksi la Nia Lilipopanda Mimbarini

Kwanza tuelewane: mimi si kapelani. Kanuni ya 564 ya Sheria ya Kanisa inataka kapelani awe padri, na mwaka 1997 Roma ilitoa maagizo kwamba sisi walei, yaani waamini wa kawaida tusio na upadri, tusijivike jina hilo. Mimi ni msaidizi wa kapelani shuleni, yaani yule anayejua ufunguo wa sakristia uko wapi, kwaya imenuna kwa sababu gani, na mtumishi yupi wa altare huzirai ubani ukizidi. Padri anakuja, anaadhimisha Misa, anaondoka. Maswali yanabaki kwangu. "Mungu halali kabisa? Hachoki?" Hapo huwa naomba kengele ya vipindi igongwe.

Kazi niliyokuwa nikijivunia kuliko zote ni ya boksi la nia. Ni boksi la viatu lenye tundu juu. Watoto hutumbukiza nia zao, yaani mambo wanayotaka yaombewe, bila kuandika majina, nami nazichambua na kuzinyoosha ili zisomwe kwenye Maombi ya Waamini, ile sehemu ya Misa ambapo nia husomwa na watu wote huitikia. Maelekezo ya Misale ya Kirumi, kitabu cha taratibu za Misa, namba 70, yana mpangilio: kwanza Kanisa, kisha watawala na wokovu wa dunia nzima, kisha wanaoteseka, mwisho jumuiya yenyewe. Namba 71 inataka nia ziwe za kiasi, za busara, za maneno machache. Basi mtoto akiandika "Mungu mponye bibi mguu, unanuka na yeye hajui," ikipita mikononi mwangu inatoka "Kwa ajili ya wagonjwa wote." Safi kabisa. Bibi hayumo, mguu haumo.

Siku ya Kipaimara, sakramenti ya kuwaimarisha waliobatizwa, askofu akaja. Wazazi walijaa mpaka nje. Nia zangu tano niliziweka mimbarini mapema, zimechapwa kwa herufi kubwa, na msomaji alikuwa binti wa darasa la nne asiyebabaika mbele ya watu. Mwongozo wa Misa za watoto wa mwaka 1973 unaruhusu kabisa watoto wasome nia. Nikakaa kando ya watumishi wa altare, roho kwatu.

Askofu akahubiri. Akazidi kuhubiri. Hatimaye waimarishwa wakapakwa krisma, mafuta matakatifu, mmoja mmoja, tukafika kwenye Maombi ya Waamini, na binti akainuka. Amekumbatia boksi.

Nilimkonyeza, akanikonyeza. Akaisogeza kando karatasi yangu, akachovya mkono boksini.

"Kwa ajili ya choo cha wavulana, kipate mlango kabla wageni hawajakiona. Ee Bwana..."

"Twakuomba, utusikie!" Watoto waliitikia kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia wakiwaombea watawala wa dunia. Mkuu wa shule, aliyekaa kiti cha mbele, alianza kuichunguza dari.

"Kwa ajili ya mbwa wetu aliyekufa, apokelewe mbinguni ingawa alimng'ata jirani. Jirani naye alizidi. Ee Bwana..."

"Kwa ajili ya mwalimu wa hisabati, apate kazi nyingine yenye mshahara mzuri, mbali. Kama haiwezekani, asahau jaribio la Ijumaa. Ee Bwana..."

Hapa kwaya nzima iliinama ghafla kutafuta vitabu vya nyimbo. Padri alikuwa ameuma mdomo. Mimi nilikuwa nimenyanyuka nusu, nikabaki hivyo, maana kumpokonya mtoto sala mbele ya askofu hakuna kanuni inayokuelekeza ufanyeje.

Akachovya tena.

"Kwa ajili ya baba na mama, waache kununiana. Kama hawataacha, waniambie mimi nikae upande gani. Ee Bwana..."

Hakuna aliyecheka. Waliitikia taratibu, na nikaona baadhi ya wazazi wanatazama chini. Hatukujua ni ya nani, kwa hiyo ikawa ya kila mmoja wao.

Askofu alipofunga maombi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ee Baba, umezisikia zote, hata zile ambazo sisi hatukustahili kuzisikia," na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Baada ya Misa nilimkabili msomaji wangu. Alinishangaa. "Wewe si ulisema Mungu anazisikiliza zote? Karatasi yako ilikuwa na tano tu, na hakuna hata moja tuliyoandika sisi." Nikamwambia aende akapige picha na wenzake.

Usiku ule nilipiga magoti nikaanza kwa mpangilio wangu wa siku zote: Kanisa, watawala, wanaoteseka. Nikakwama. Nina ndugu ambaye tumekosana siku nyingi, na muda wote huo nimekuwa nikimwombea kwa jina la "amani duniani." Niliponuia kumtaja kwa jina lake, ulimi ukawa mzito. Ilikuwa sala fupi kuliko zote nilizowahi kusali, na ilinitoa jasho.

Jumatatu mwalimu wa hisabati akaingia ofisini na rundo la madaftari, anataka kulinganisha miandiko. Nikamwambia nia ni siri. Akanijibu kwamba siri ya kitubio inamfunga padri aungamishaye, mimi ni mlei, na kile ni kiboksi cha viatu. Kisheria alikuwa na hoja. Akaivuta mwenyewe ile karatasi ya nia iliyomtaja, akafunua daftari moja baada ya jingine huku akitweta, mpaka akafika kwenye daftari la mwanawe wa kumzaa.

Alikaa kimya kidogo, akauliza kama watu wazima nao wanaruhusiwa kuandika. Nikampa karatasi.

Choo kilipata mlango wiki hiyohiyo. Jaribio la Ijumaa nalo lilifanyika kama lilivyopangwa, na swali la mwisho lilitaja upana na urefu wa mlango wa choo, mwanafunzi atafute eneo lake.