Burford wanalinda madirisha, mto wanauacha ufe

Mwenyeji wangu pale Burford, mji mdogo wa England, ana dirisha la mbao lililoanza kuoza. Hathubutu kuling'oa aweke la plastiki, maana nyumba yake imo kwenye orodha ya majengo ya kihistoria, na kuibadilisha sura bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai. Naunga mkono kabisa. Ila tulipoteremka wote hadi darajani, damu ilinichemka. Mto Windrush ulikuwa wa kijivu, mawe ya chini yamevaa utelezi kama pamba chafu, na majani ambamo samaki aina ya trauti hujificha sikuyaona.

Na uchafu nao una kibali! Mabomba mengi ya kule hubeba maji ya mvua na ya vyooni kwa pamoja. Mvua ikizidi, kampuni ya maji inaruhusiwa kuyafungulia mtoni bila kuyasafisha, yasije yakarudi majumbani. Haya, hakuna anayetaka kinyesi kimfurikie jikoni. Lakini ruhusa ile ilikuwa ya dharura. Mwaka 2023 pekee, maji taka yalimwagwa kwenye mito na fukwe za England kwa jumla ya saa milioni 3.6. Dharura gani hiyo isiyokwisha? Huduma ya maji ilibinafsishwa mwaka 1989, na tangu hapo wenye hisa wamekula gawio huku mabomba yakizeeka ardhini. Wakulima nao wana lao, mbolea yao huishia mtoni.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hawa watu wanajua kutunza. Kanisani Burford bado lipo jina alilolichonga Anthony Sedley kwenye birika la ubatizo mwaka 1649, alipofungiwa kanisani humo na askari wenzake kama 340 walioliasi jeshi la Oliver Cromwell, kamanda wa upande wa Bunge katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya England. Watatu kati yao walitolewa nje wakapigwa risasi. Nimeziona herufi zake: zimepinda, zimekwaruzwa kwa haraka, na kwa zaidi ya miaka 370 hakuna aliyethubutu kuzifuta.

Sasa mto wenyewe una kosa gani? Mji jirani wa Witney ulivuma kwa mablanketi kwa sababu ya maji yake, mpaka kiwanda cha mwisho kilipofungwa mwaka 2002. Magofu ya jumba la kale la Minster Lovell yamekaa ukingoni mwake. Meli ya Empire Windrush, iliyowafikisha wahamiaji wa visiwa vya Karibi kwenye bandari ya Tilbury, England, mwezi Juni 1948, ilipewa jina lake, na leo kizazi kizima cha Waingereza weusi kinaitwa hivyo.

Sheria ya mwaka 2025 inaruhusu wakubwa wa kampuni zinazochafua wanyimwe bonasi. Haitoshi. Mitambo ya maji taka ipanuliwe kwanza, ndipo nyumba mpya ziunganishwe. Na anayefungulia uchafu siku ya jua kali asimame kizimbani yeye mwenyewe, kwa jina lake.