Mkaaji Halali

Nilipohamia Leicester, nchini Uingereza, mwezi wa Oktoba mwaka 2023, aliyenilaki nyumbani hakuwa mtu bali barua. Ilikuwa imelala sakafuni chini ya tundu la mlango, katika bahasha yenye dirisha na maandishi mekundu, nayo haikuwa na jina la mtu yeyote. Ilikuwa imeandikiwa "Mkaaji Halali" wa nyumba hiyo. Nadhani mwenyeji wa kule huyasoma maneno hayo na kuendelea na chai yake. Mimi, niliyeingia kwa viza na ambaye siku zile hata nikienda kununua mkate nilibeba nakala ya kibali changu cha ukaazi, niliona neno moja tu katika ile bahasha: halali. Nikakaa kwenye ngazi nikiwa bado na koti mwilini, nikaifungua kwa mikono inayotetemeka.

Kumbe ilikuwa habari ya televisheni. Barua ilieleza kwamba nyumba hii haina leseni ya televisheni, kwamba anayetazama bila leseni anaweza kufikishwa mahakamani na kutozwa faini inayofika pauni 1,000, na kwamba leseni yenyewe ni pauni 159 kwa mwaka. Niliangaza macho chumba kizima. Nilikuwa na godoro, sufuria mbili, begi na mwiko. Televisheni sikuwa nayo, na kwa mshahara wa kulea wazee usiku sikuwa na dalili ya kuipata.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini mimi nimelelewa Tanga na baba aliyekuwa karani wa serikali, na katika nyumba yetu barua ya serikali isiyojibiwa ilihesabiwa pamoja na dhambi kubwa. Usiku ule ule niliandika jibu la kurasa mbili, lenye kumbukumbu namba, tarehe, na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari: "YAH: KUTOMILIKI TELEVISHENI." Nikaendelea kwa Kiingereza ambacho mifupa yake yote ilikuwa ya "tafadhali husika na somo tajwa hapo juu". Niliambatanisha nakala ya mkataba wa pango, nakala ya pasipoti na picha moja ya rangi, saizi ya pasipoti, nikitazama mbele. Kilichonisikitisha ni kwamba Leicester haina mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwa maana ningepata mhuri wake wa kuthibitisha kwamba mleta barua anafahamika na hana runinga, shauri lingekwisha.

Baada ya wiki nne likaja jibu, au niseme nililolidhania jibu. Liliandikiwa Mkaaji Halali. Lilisema kwamba kwa kuwa sijawasiliana nao, sasa wanafungua uchunguzi.

Majira ya baridi yakapita hivyo, barua kila mwezi, kila moja ikiwa na ukali kidogo kuliko dada yake: moja ilinieleza nitarajie nini mahakamani, nyingine iliniuliza kama nitakuwepo nyumbani tarehe fulani, swali ambalo kwetu huulizwa na mdai au na mwizi. Nikaanza kusoma sheria yao usiku kazini, wazee wakiwa wamelala. Leseni inahitajika kwa mtu anayetazama au kurekodi matangazo ya televisheni wakati huo huo yanaporushwa, katika chaneli yoyote, au anayetumia BBC iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama vipindi kwa intaneti. Kuwa na televisheni si kosa, kosa ni kuitumia hivyo bila leseni. Redio haidaiwi kitu tangu mwaka 1971. Niligundua pia kwamba leseni ya televisheni ya rangi mbili, nyeusi na nyeupe, bado inauzwa kwa bei nafuu, na kwamba kipofu aliyesajiliwa hulipa nusu ya bei. Nililitafakari hilo la kipofu hadi alfajiri.

Aliyenituliza ni jirani, bibi wa Kihindi tuliyezoea kumwita Mama Jinja kwa sababu ndiko alikozaliwa na ndiko Idi Amin alikomfukuza mwaka 1972. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, kwa baba yake, na kwa kukiri kwake mwenyewe kilikuwa na amri tu: lete, weka, ngoja, lipa, kesho. Nilipomwonyesha lundo langu la barua alicheka hadi akashika ukuta. Alisema kwamba baraza la mji huu lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus mwaka ule ule kuwasihi Wahindi wa Uganda wasije Leicester, na wao wakaja na mabegi yao. Basi mtu aliyekaribishwa mjini kwa tangazo la namna hiyo ataogopaje bahasha? "Wewe hapana ogopa," akaniambia. "Fungua intaneti. Andika hapana tivi. Maliza."

Nikafungua, nikaandika, nikamaliza kwa dakika chache, bila picha ya pasipoti. Nilijibiwa kwamba wameridhika kwa muda, ila huenda wakatuma mtu kuja kuhakikisha. Barua zikakoma. Nikanenepa.

Kisha mwezi wa Mei mwaka 2024 akaja shangazi.

Shangazi yangu alikuja kwa wiki sita kunijulia hali, na siku ya nne alikuwa amekwisha kununua televisheni ya inchi hamsini na tano. Haikuwa yangu, ilikuwa yake, ya kupelekwa Tanga kwa kontena, na nilipomweleza kwamba Ngamiani, pale pale Tanga mjini, televisheni za namna hiyo zimejaa madukani alinitazama kwa huruma na kusema, "Mwanangu, hiyo ya Ngamiani nani atajua kwamba nilifika Ulaya?" Boksi likasimama katikati ya sebule likimsubiri wakala wa mizigo. Kwa kuwa sikuwa na meza, shangazi alililaza, akalifunika kwa kanga yake, akaweka juu yake kopo la maua na birika la chai. Nilimwomba Mungu wakala afike kabla ya mtu mwingine.

Alitangulia mtu mwingine.

Nilirudi kutoka dukani jioni moja, kama saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, nikakuta viatu vya mwanamume mlangoni, vimepangwa vizuri. Ndani, afisa wa leseni, kitambulisho shingoni na soksi miguuni, alikuwa amekaa juu ya godoro langu na sahani ya vitumbua mapajani. Sheria inasema mtu huyo hana ruhusa ya kuingia nyumbani kwako bila kibali cha mahakama isipokuwa umkaribishe mwenyewe, na najua kwamba wapo wanaomzungumzisha kupitia upenyo wa mlango. Lakini nani angemweleza hayo mwanamke wa Tanga, ambaye kwake mgeni kusimama kizingitini ni aibu ya ukoo mzima? Alimwambia "karibu" mara moja tu. Mara ya pili alikuwa anamvuta mkono. Kisha, ili mazungumzo yanoge, alimwita Mama Jinja aje atafsiri.

Kikombe cha afisa kilikuwa juu ya boksi la televisheni.

"Shikamoo, shangazi," nilisema, sauti ikinitoka kama ya kuku.

"Marahaba, baba. Kaa, tuna mgeni. Anatoka serikalini, kijana mpole sana, anauliza uliza tu."

Afisa alisema, kwa adabu zote, kwamba anaomba kujua kama kuna mtu anayetazama matangazo ya televisheni katika nyumba hii. Mama Jinja akamgeukia shangazi na kutafsiri: "Hii bwana nasema, tivi iko wapi? Sema upesi!"

"Ya kwangu?" shangazi akauliza, uso umeng'aa. Kabla sijafumbua mdomo, birika lilikuwa chini, kopo la maua lilikuwa mikononi mwangu, kikombe kimerudishwa kwa mwenyewe, na kanga imefunuliwa kama pazia la biharusi. "Inchi hamsini na tano!"

Afisa alilitazama boksi, kisha akaitazama kanga, akauliza maandishi yake yana maana gani. Yalisomeka NILIJUA MTASEMA. Mama Jinja, ambaye hapo hakuhitaji msamiati wa dukani, alimtafsiria sawasawa, na yule bwana akaandika kitu kwenye fomu yake.

Nikamweleza habari za kontena. Nilimwonyesha risiti, nikamwonyesha gundi ya kiwandani ambayo haijaguswa, nikamwonyesha ukuta usio na waya wala antena. Akasema kwa upole kwamba ameelewa, kwamba kuwa na televisheni si kosa, na kwamba kwa anavyoona yeye leseni haihitajiki. Akafunga kalamu yake. Akainuka. Tangu nifike Uingereza sikuwahi kumpenda mtu ghafla namna ile.

Hapo ikagonga saa kumi na mbili. Saa kumi na mbili ya jioni ya Leicester, wakati wa kiangazi, ni saa mbili usiku ya Tanga, na saa mbili usiku shangazi hakosi taarifa ya habari hata kama dunia inazama. Simu yake, iliyokuwa imeegemezwa kwenye dirisha na kuunganishwa na chaja, ikapiga ngoma ya kufungulia habari kwa sauti iliyofika barabarani, na uso wa mtangazaji ukajaa kioo.

Afisa akasimama mguu mmoja ukiwa ndani ya kiatu. Akauliza kama hayo ni matangazo ya wakati huu au yaliyorekodiwa.

"Hii ya sasa, ama ya jana?" akatafsiri Mama Jinja.

"Ya jana?" shangazi akasema, akiwa ametukanwa. "Mimi niangalie habari za jana? Mbashara hiyo! Mwambie mbashara, sasa hivi, kutoka Dar es Salaam!"

Mama Jinja hakuwa na haja ya kumwambia. Afisa alivua kiatu, akarudi kwenye godoro, akafungua kalamu. Akatufafanulia kwamba sheria haichagui kioo kikubwa au kidogo, wala haitofautishi chaneli ya London na chaneli ya Dar es Salaam; kinachotazamwa mbashara katika nyumba hii kinahitaji leseni ya nyumba hii. Shangazi alimwongezea kitumbua. Nilinunua leseni pale pale kwa simu yangu, na kwa kuwa bei ilikuwa imepanda mwezi wa Aprili nililipa pauni 169 na nusu. Afisa akasema kwamba hataliendeleza jambo hilo, akaondoka na vitumbua vinne ndani ya karatasi.

Shangazi aliporudi nyumbani niliikata leseni, nikarejeshewa fedha za miezi iliyobaki. Kontena lilichukua muda wake baharini. Siku moja alinipigia simu ya video akiwa sebuleni kwake, majirani wa mtaa mzima wameketi mkekani, akaigeuza kamera ukutani nione jinsi inchi hamsini na tano zilivyowaka. Kulikuwa na mpira, dakika ya sabini, na umati ukipiga kelele. Nilitupa simu kifudifudi juu ya godoro na kuikalia.

"Shangazi!" nikapiga kelele. "Geuza kamera! Huo mpira ni wa sasa au wa jana?"