Mashine ya majani ya kusukuma: hewa safi, kwa mkono wa nani?

Jumamosi asubuhi, mitaa ya Arusha yenye nyumba za bustani huamka kwa mlio wa mashine ya petroli ya kufyekea majani. Ya kushoto ikizimwa, ya kulia inawashwa. Miaka miwili iliyopita nilichoka, nikanunua mashine ya kusukuma kwa mkono, isiyo na injini wala waya. Tangu hapo wageni wakiiona imeegemea ukuta huniuliza kama inafaa. Nawajibu kwamba inafaa, kwa masharti, na sharti zito kuliko yote linamhusu anayeisukuma.

Nianze na yanayoisifu. Magurudumu yakienda, meno yaliyo ndani yake yanazungusha silinda ya visu vitano. Kila kisu kikipita juu ya kisu cha chini, ambacho hakitembei, jani linakatwa katikati yao kama kwa mkasi. Mashine nyingi za petroli hazina kisu cha pili. Zinategemea mwendo wa kasi, zinalipiga jani kama panga, na makali yakiisha jani linachanika, siku mbili baadaye ncha zimegeuka kahawia. Ukoka wangu sasa unabaki kijani hadi juu, na tofauti hiyo inaonekana ukisimama getini.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1830 Edwin Beard Budding, fundi wa Stroud kule Uingereza, alipata hati miliki ya mashine hiyo baada ya kuona kiwandani jinsi visu vya kuzunguka vinavyonyoa vinyweleo juu ya kitambaa cha sufu. Injini ilikuja baadaye sana, na ndiyo iliyoleta tatizo.

Injini ndogo ni chafu kupita ukubwa wake. Ile ya kuvaa begani, inayotumia petroli iliyochanganywa na oili, hupitisha mafuta mabichi moja kwa moja hadi kwenye ekzosi kabla hayajaungua, na anayeyavuta wa kwanza ni huyo aliyeibeba. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2021, na kuanzia 2024 injini mpya za bustani zinazouzwa huko zinatakiwa zisitoe moshi kabisa. Wakala wa hewa wa jimbo hilo walipiga hesabu kwamba saa moja ya mashine ya petroli ya majani inachafua hewa sawa na gari dogo la kisasa linalosafiri kama kilomita 480.

Hesabu hiyo inanukuliwa ovyo, kwa hiyo niseme maana yake. Inahusu gesi zinazotengeneza ukungu mchafu juu ya miji. Haihusu hewa ukaa, ambayo hufuata kiasi cha mafuta yaliyochomwa, na mashine ya majani haichomi mafuta ya kilomita 480. Tena gari lililolinganishwa ni jipya, lenye kifaa cha kusafisha moshi, wakati magari mengi ya barabara zetu yamekuja yakiwa yametumika miaka mingi. Anayesema kuacha mashine moja ya petroli Arusha ni sawa na kupaki gari anatia chumvi. Faida iliyopo kweli ni ya karibu zaidi: mapafu na masikio ya mfanyakazi, na usingizi wa mtoto wa jirani.

Sasa upande wa pili, ambao wauzaji hawausemi. Mashine hii inataka majani mafupi. Yakipita urefu wa kiganja, silinda inayalaza badala ya kuyakata, unapita juu yake na nyuma yako yanainuka tena. Kiangazi hilo si tatizo. Lakini mvua za masika zikishika, kati ya Machi na Mei, ukoka unakimbia, na ukikosa wiki moja umeshachelewa. Mzee anayenisaidia bustani alinieleza siku ya tatu tu: "Mama, hii mashine inataka majani ya jana. Ya juzi haiyawezi."

Halafu kuna aina ya majani. Bustani nyingi za nyanda za juu zina ile nyasi ambayo dunia nzima inaiita kikuyu, kwa sababu asili yake ni vilima vya Afrika Mashariki. Inatambaa na kujisuka hadi inakuwa kama godoro. Magurudumu yanazama, na msukumo unaoonekana mwepesi kwenye picha za matangazo unakuwa kazi ya punda. Tena mimi nina mjakaranda uani. Maganda yake ya mbegu, magumu na bapa kama chapati iliyokaukia juani, yakiingia kati ya visu mashine inagoma papo hapo na mpini unakugonga tumboni. Kabla ya kukata lazima mtu apite akiinama kuyaokota, kila mara.

Nani anainama? Hapo ndipo nilipolazimika kufikiri upya. Maandishi mengi ya kusifu mashine hii yanatoka Ulaya na Marekani, ambako mara nyingi mwenye nyumba anaisukuma mwenyewe na kuhesabu jasho lake kuwa mazoezi. Kwetu mwenye bustani kubwa kwa kawaida ameajiri mtu. Mimi nikisema nimeacha petroli, kwa kweli nimeiondoa gharama kwenye kituo cha mafuta na kuiweka kwenye mgongo wa mzee wa miaka sitini. Kazi iliyomchukua saa moja ilianza kumchukua mbili na nusu, na kwa miezi mitatu ya kwanza nilimlipa kiasi kilekile. Naona aibu kuliandika hili, ila bila kulitaja uchambuzi huu ungekuwa wa uongo.

Kuna pia vijana wanaotembea na mashine zao begani, wanapatana bei getini na kumaliza nyumba tano au sita kwa siku. Kwao mashine ya petroli ndiyo mtaji. Kumwambia kijana wa namna hiyo asukume kwa mkono ni kumpunguzia nyumba tatu, na watoto wake wanakula kutokana na idadi ya nyumba. Sioni haki ya kumnyooshea kidole kabla hajapata mbadala. Mashine za betri zingemfaa, lakini bei yake na ya betri ya akiba bado ni mbali na mfuko wake.

Tusilisahau fyekeo. Tumelishika tangu shule ya msingi, halina moshi, linanolewa kwa tupa, na majani marefu yanayoishinda mashine ya kusukuma kwake si kitu. Kwenye ua na mitaroni halina mpinzani. Haliachi tu ule usawa wa kapeti.

Na mabaki? Vipande vifupi vikiachwa palepale vinaoza na kurudisha naitrojeni ardhini, mbolea ya dukani inapungua. Ila watu wengi wanakata bila injini, wanakusanya majani, na jioni wanayachoma kwenye kona yakiwa bado mabichi. Moshi huo peke yake unafuta karibu kila kilichookolewa asubuhi.

Kwa hesabu yangu, swali la mashine gani linakuja la pili. La kwanza ni ukoka kiasi gani. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na Dar es Salaam kuingia kwenye mgao wa maji, bustani za kumwagilia kila jioni zilionekana jinsi zilivyo ghali. Kwangu nimeng'oa ukoka wote chini ya mjakaranda na upande wa ukuta, nikapanda migomba, mchaichai na matembele. Kilichobaki ni kama hatua ishirini kwa kumi na mbili, tambarare, bila maganda. Hapo mashine inateleza.

Mzee sasa analipwa kwa siku, na wakati wa masika anakuja siku mbili kwa wiki badala ya moja. Kisu cha chini tunakirekebisha kwa kipande cha gazeti: kikikata karatasi bila kuichana, kiko sawa. Jumamosi iliyopita mwanangu wa kidato cha pili alisukuma mistari yote huku mzee amekaa kwenye kiti akimwelekeza, na hadi saa tatu asubuhi walikuwa wamemaliza.