Tusigawe Bure: Maoni Yangu Kuhusu Meza Yetu ya Katuni za Kikristo

Julai ikikaribia, wazee wa kanisa letu hapa kusini mwa California huanza kuniuliza mwaka huu tutagawa trakti ngapi, yaani vijikaratasi vya Injili vya bure, pale Comic-Con, lile tamasha kubwa la katuni. Huwa nawajibu kwamba hatutagawa hata moja. Tutauza vitabu vya katuni, kwa bei, na juu yake tutatoza kodi ya mauzo ya asilimia 7.75 kama inavyotakiwa mjini San Diego. Jibu hilo halijawahi kumfurahisha mtu. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia, "Mwanangu, Injili haiuzwi." Kweli, Mzee, haiuzwi. Lakini mchoraji amekesha, kiwanda cha uchapishaji kimedai chake, na kitabu kilichoko mezani ni kazi ya mikono ya watu.

Kwa wasiolijua tamasha hili: Comic-Con ya San Diego ilianza mwaka 1970 katika hoteli ya U.S. Grant, mashabiki mia kadhaa tu wakibadilishana magazeti ya zamani ya katuni. Tangu 1991 inafanyika katika San Diego Convention Center, pale ufukweni, na siku hizi inakusanya watu zaidi ya 130,000, kuanzia Jumatano jioni hadi Jumapili. Ukumbi wa chini ni mrefu kiasi kwamba ukisimama mwisho mmoja huoni mwisho mwingine kwa vichwa vya watu, mapembe na mbawa za plastiki. Makampuni makubwa yana vibanda vya ghorofa mbili vyenye taa na muziki. Upande wetu, wachapishaji wadogo, kila mtu ana meza moja, kitambaa alichokuja nacho nyumbani, viti viwili na mashine ya kupokea kadi inayogoma mtandao ukizidiwa.

Sasa tuzungumzie hiyo karatasi ya bure. Mwenye tiketi ya Comic-Con hupewa mfuko mkubwa akiingia tu, na mfuko huo upo kwa ajili ya vitu vya bure: mabango, vibanio, kadi, kofia za karatasi. Kufika saa sita mchana umejaa. Ukimpa trakti ataipokea kwa adabu, ataitia humo, na hatajua tena ni nani alimpa nini. Nyingine huziona jioni zimekanyagwa kwenye vijia, zile zenye aya ya Yohana 3:16 zikiwa pamoja na tangazo la mchezo wa kompyuta.

Najua wazee wetu wanakumbuka nini. Wanakumbuka vile vijitabu vidogo vya rangi nyeusi na nyeupe vya Jack Chick, Mmarekani wa hapa hapa California aliyefariki 2016, ambavyo vilitufikia hata sisi wa mashambani Kenya. Kimoja kikiingia ndani ya matatu, husomwa na dereva, makanga na abiria wote, kisha mtu huenda nacho nyumbani. Shangazi yangu alikihifadhi cha kwake ndani ya Biblia hadi kikawa kama kitambaa. Sibishi kwamba vilifanya kazi. Vilifanya kazi kwa sababu kijijini hapakuwa na kingine cha kusoma, na mwenye njaa ya kusoma hachagui. Pale Comic-Con hakuna mwenye njaa hiyo. Kuna watu wameshiba karatasi mpaka wanazikwepa.

Jambo la pili, ambalo mtu asiyewahi kukaa mezani hawezi kulijua, ni hali anayofika nayo mgeni. Ng'ambo ya barabara ya Harbor Drive husimama wahubiri wenye mabango marefu na vipaza sauti, wakiwaambia wapita njia kuwa wanaelekea jehanamu. Mwaka 2010 lilikuja hata lile kundi la Westboro Baptist kutoka Kansas, kanisa linalojulikana kwa mabango yake ya kulaani watu, na mashabiki wakatoka nje na mavazi yao ya maroboti na mashujaa, wakashika mabango yao ya mzaha, wakawazomea. Kwa hiyo yule kijana anayepita mbele yetu saa nne asubuhi ameshahubiriwa kwa kelele, na pengine ametukanwa mavazi yake. Akiona neno "Kikristo" kwenye bango letu, mabega yanapanda. Anaanza kupima njia ya kutupita.

Kinachoyashusha mabega hayo ni kibandiko cha bei. Sitanii. Akiona "Dola 15" anaelewa mara moja uhusiano wetu ni upi: yeye ni mnunuzi, mimi ni muuzaji, anaweza kufunua kurasa, kukunja uso, kurudisha kitabu na kwenda zake bila kugombezwa. Bei inampa ruhusa ya kukataa. Karatasi ya bure haimpi ruhusa hiyo, kwa sababu kila mtu mzima anajua kwamba anayekupa bure barabarani anataka kitu kutoka kwako, na bado hajakuambia ni kitu gani.

Nikupe mfano. Alikuja jamaa mmoja amevaa deraya aliyoiunda mwenyewe kwa povu la plastiki, kuanzia shingoni hadi vidoleni, na vile vidole havikuweza kushika ukurasa. Ikabidi nimfunulie mimi, kama namlisha mtoto uji. Akawa ananiambia "mbele, mbele, rudi," mpaka tukafika kwa Ehudi katika Waamuzi 3: yule mtu wa mkono wa kushoto anayemwendea Egloni mfalme wa Moabu, upanga umefichwa pajani, na mfalme ni mnene kiasi kwamba upanga unazama pamoja na mpini. Mchoraji wetu hakuogopa. Alichora tumbo lile likiumeza upanga, na chumba cha nje watumishi wamesimama wanangoja, wakidhani bwana wao yuko msalani. Jamaa akaniuliza kama hiyo kweli imo ndani ya Biblia. Nikamwambia imo, tena habari ya msalani imo vilevile. Akacheka mpaka deraya ikalia. Alinunua, akamwita na mwenzake. Hakuna aliyetubu mbele yangu siku hiyo. Lakini watu wawili waliondoka na kitabu cha Waamuzi kwapani, wakibishana kama mtu wa kushoto ana faida vitani.

Nadhani hapo ndipo wengi wetu tunapokosea meza. Tunapanga mbele vile vitabu vya mwanakondoo na upinde wa mvua, tunaficha nyuma vyenye dubu wa Elisha waliorarua vijana na msumari ambao Yaeli alimpigilia jemadari kichwani. Msomaji wa katuni amezoea damu, usaliti na wafalme wabaya. Biblia inavyo vyote hivyo bila kuongezewa chumvi. Hata yule shujaa kipofu wa Marvel, Daredevil, ni Mkatoliki anayekwenda kuungama, na mashabiki wake huja mezani kwetu wenyewe wakiwa na maswali kuhusu dhamiri ambayo sijawahi kuulizwa kwenye mafundisho ya Jumatano.

Wala tusijione wageni ukumbini. Mmoja wa waliolianzisha soko hili la vijitabu vya katuni Marekani, Max Gaines, alianza kuchapisha hadithi za Biblia kwa michoro mwaka 1942. Alipoachana na wenzake wa kampuni ya katuni ya DC alibaki na hizo za Biblia, akaanzisha kampuni yake ya katuni za elimu, EC. Alifariki 1947 katika ajali ya mashua. Mwanawe William akairithi, na kampuni ile ile ikageuka kuwa ya hadithi za mizuka na mauaji, zikauzwa kweli kweli, mpaka mwaka 1954 akajieleza mbele ya maseneta. Kila nikiona watu wamepanga foleni kutafuta matoleo ya zamani ya EC, huwaza kwamba kampuni hiyo ilianza na Musa na Daudi.

Yuko pia Al Hartley, aliyekuwa mchoraji wa kampuni iliyokuja kuwa Marvel, akaokoka mwaka 1967, baadaye akamchora Archie, yule kijana maarufu wa katuni, akihubiri. Ruhusa ya kumtumia Archie alipewa na mwenye kampuni, John Goldwater, ambaye alikuwa Myahudi. Hilo nalipenda. Lakini angalia ni nani aliyepewa ruhusa: mtu aliyekuwa akiheshimika kwa kazi yake kwanza. Vilevile Sergio Cariello wa Brazil, aliyechora Biblia ya katuni iliyotoka 2010 ambayo wazazi wengi wanaifahamu, alikuwa tayari amechorea Marvel na DC. Mikono hiyo ilifundishwa.

Nasema hivi kwa sababu, tuambiane ukweli, vitabu vingi tunavyoletewa kuweka mezani ni vibaya. Yesu ana uso mmoja kwenye kurasa zote, mikono imefichwa mgongoni kwa sababu mchoraji hawezi vidole, na viputo vya maneno vimejaa mahubiri mpaka michoro imekosa pa kupumulia. Ukimwambia mchoraji, anajibu kwamba alichora kwa maombi. Sisi tuliokua na katuni ya Juha Kalulu ya Edward Gitau kwenye gazeti la Taifa Leo tunajua mchoro mzuri unavyofanya kazi: mtu ananunua gazeti zima, anafungua ukurasa ule kwanza. Gitau hakuwahi kuomba radhi kwa mstari wake.

Halafu kuna ile fomu. Tukirudi, kamati ya umisheni hunipa karatasi yenye nafasi ya kujaza: walioongozwa sala ya toba, idadi. Hakuna nafasi ya waliouliza Ehudi ni nani. Hakuna nafasi ya yule binti wa meza ya jirani, anayechora hadithi za wachawi, aliyetuangalizia pesa zetu tulipokwenda kununua chakula, naye akaazima kitabu cha Ruthu siku ya Ijumaa na kukirudisha Jumamosi akiwa na maoni makali kuhusu Boazi. Mimi hujaza sifuri, na huijaza kwa mkono usiotetemeka.

Jumapili tunakosa ibada, ndiyo. Ukumbi hufungwa saa kumi na moja jioni, na aliyelipia meza hawezi kuiacha. Tunasali kwenye maegesho kabla milango haijafunguliwa, tukiwa na kahawa mkononi, na nadhani Mungu anatusikia hata juu ya kelele za mageti.

Fedha zilizotengwa kwa trakti za mwaka ujao zingetosha kumlipa mtia rangi anayejua kazi, kwa sura nzima ya Debora na Baraka. Barua ya ombi nimeshaiandika. Mwekahazina ameniambia ataiweka kwenye ajenda ya Februari, ila nije na sampuli za kurasa, maana mzee yule ameshasema atakuwepo.