Manowari kubwa zimekwisha? Kilindini iliwahi kuulizwa hilo

Jumapili jioni pale Mama Ngina, Mombasa, meli ya makontena ilikuwa ikiingia Kilindini taratibu, tagi imeiandama ubavuni. Mzee mmoja jirani yangu, kuli wa bandarini wa zamani, akaitazama hadi ilipopita Likoni, kisha akatoa hukumu: "Hizi za mizigo zitakuwako tu. Lakini manowari, zile kubwakubwa, basi tena. Kombora moja, habari imekwisha." Sikumjibu papo hapo. Muhogo ulikuwa wa moto, na nusu ya maneno yake ni kweli.

Tarehe 21 Oktoba 1967, boti ndogo za Misri zilizokuwa ndani ya bandari ya Port Said zilirusha makombora ya Kisovieti ya Styx, zikaizamisha manowari ya Israeli, Eilat. Watu 47 walikufa. Mei 1982 ikafika zamu ya Uingereza: kombora moja la Exocet kutoka ndege ya Argentina liliipata Sheffield karibu na visiwa vya Falkland. Mabaharia 20 walikufa, meli ikaungua, na siku sita baadaye ikazama ikiwa inavutwa. Halafu Aprili 2022, Moskva, meli kuu ya Urusi katika Bahari Nyeusi, yenye urefu wa mita 186. Ukraine ilisema imeipiga kwa makombora mawili ya Neptune. Urusi ikasema ni moto uliolipua ghala la silaha. Vyovyote vile, ilikwenda chini, na Ukraine wakati huo haikuwa na manowari kubwa hata moja.

Kinachotisha zaidi ni muda. Kombora la kisasa huruka mita chache tu juu ya maji, na kwa sababu dunia ni mviringo, rada iliyo mita 20 juu ya bahari haiwezi kuliona kabla halijafika kama kilomita 27. Hiyo ni kama safari ya kutoka Likoni mpaka ukaribie Ukunda. Kombora linalokaribia kasi ya sauti huimaliza kwa dakika moja na nusu. Lile linalokwenda mara mbili ya sauti halikupi hata dakika. Ndani ya muda huo mabaharia walione, waamini kwamba ni kombora kweli, kisha walipige.

Sasa ile nusu ya pili, ambayo mzee wangu hakuitaja. Kupiga meli ni kitu kimoja, kuizamisha ni kingine. Mwaka 1987 Stark ya Marekani ilipigwa na Exocet mbili za ndege ya Iraq, nayo haikurusha hata risasi moja kujikinga. Watu 37 walikufa, lakini meli ilifika Bahrain, ikatengenezwa na kurudi kazini. Manowari za kubeba ndege ni ngumu zaidi. Forrestal ya Marekani ilishika moto mwaka 1967, mabomu yake yenyewe yakalipuka juu ya sitaha, watu 134 wakafa, na bado ikaelea. Mwaka 2005 Wamarekani waliitoa America, manowari yao ya zamani ya kubeba ndege, ipigwe kwa majaribio. Iliwachukua kama wiki nne, na mwishowe ilibidi waizamishe kwa makusudi.

Na kabla ya kuipiga, lazima uione. Meli inayokwenda kilomita 55 kwa saa, ukiipoteza kwa saa moja tu, inaweza kuwa popote ndani ya eneo kubwa kuliko kaunti nzima ya Kwale. Ndiyo maana habari za makombora ya China yanayofika kilomita 1,500 hazinitishi kama zinavyowatisha wengine. Kombora ndiyo sehemu rahisi. Kazi ni mlolongo wa setilaiti, ndege na rada za kumwambia mrushaji meli iko wapi sasa hivi, si saa moja iliyopita. Ukikatika popote, kombora linapiga maji.

Lakini meli ya vita haijengwi ili ijifiche baharini. Inajengwa ili ilinde kitu, na hapo mizani inaanza kuegemea upande wa mzee.

Tazama Bahari ya Shamu. Tangu mwishoni mwa 2023 Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, walirusha makombora na droni kwa wingi karibu na Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa bahari hiyo, na manowari za Marekani zikajikinga vizuri kuliko nilivyotarajia. Januari 2024 kombora moja liliikaribia mojawapo, Gravely, kiasi cha kilomita moja na nusu likaangushwa na bunduki ya mwisho kabisa, ile ya kujiokoa. Kwa ulinzi, huo ni ushindi. Ila kombora la kujikinga aina ya SM-2 hugharimu kama dola milioni mbili, na manowari ya aina hiyo ina matundu 90 na kitu ya kurushia, ambayo yakiisha lazima irudi bandarini kujaza. Na pamoja na ushindi wote huo, meli nyingi za biashara ziliendelea kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kule kusini mwa Afrika. Manowari hazikuguswa, njia ikakimbiwa. Wafanyabiashara wa hapa waliokuwa wakingoja makontena kutoka Ulaya hawahitaji kuelezwa maana yake.

Bahari Nyeusi ilikwenda kinyume. Pale manowari ndizo zilizofukuzwa. Kufikia mwishoni mwa 2023 Urusi ilikuwa imeondoa sehemu kubwa ya meli zake kutoka bandari ya Sevastopol, Crimea, na kuzipeleka mashariki zaidi, Novorossiysk, na tangu Agosti mwaka huo meli za ngano za Ukraine zilikuwa zimeanza tena kupita kandokando ya pwani ya magharibi. Ngano ya eneo hilo hushushwa hapahapa Kilindini. Mahamri ya asubuhi yana uhusiano na Neptune, ingawa hakuna anayemwuliza muuzaji.

Kwa hiyo mimi sisemi manowari kubwa zimekwisha. Nasema kombora limeanza kuzichagulia pa kukaa. Na hili si jipya kwa Mombasa. Aprili 1942 ndege za Japani zilizamisha karibu na Ceylon (Sri Lanka ya leo) manowari za Uingereza Cornwall, Dorsetshire na Hermes, hii ya mwisho ikiwa ya kubeba ndege lakini haina ndege hata moja ndani. Admirali Somerville, kamanda wa manowari za Uingereza katika Bahari ya Hindi, aliziangalia manowari zake kongwe za mizinga mizito, akaona hazina kinga dhidi ya ndege, akazileta Kilindini. Hazikuzama. Ziliendelea kulinda misafara huku upande wetu wa bahari. Ila kule zilikotakiwa kuwa, hazikuwako.

Kenya yenyewe iliwahi kuonja upande wa mdogo mwenye kombora. Nyayo na Umoja, boti za jeshi la majini pale Mtongwe zilizojengwa Uingereza miaka ya 1980, zilibeba makombora ya Otomat ya Italia. Zilipokarabatiwa na kurudi mwaka 2011 zilikuwa meli za doria, bila makombora. Kwa maharamia na magendo, nadhani uamuzi ulikuwa sawa.

Nilimwambia mzee haya yote, kwa ufupi kidogo. Akanyamaza, akatikisa kichwa kuelekea mlangobahari. "Na manowari ikitaka kuingia hapa?" akauliza. Mwaka 2000 Cole ya Marekani ilikuwa ikijaza mafuta katika bandari ya Aden, Yemen, ilipoendewa na kiboti chenye baruti. Mabaharia 17 walikufa, na hapakuwa na kombora. Mbele yetu meli nyingine ilikuwa inageuza omo kuingia mkondoni, polepole, karibu kiasi cha kusoma jina lake, na watoto walikuwa wanaipiga picha kwa simu.