Kozi Fupi Ziendelee, Ila Saa za Masomo Zisipunguzwe

Sikubaliani na wanaodai kwamba kozi fupi za vyuo ni elimu ya watu walioshindwa. Mama mwenye genge pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, hawezi kufunga biashara miaka miwili ili asome, lakini anaweza kumwachia mdogo wake kwa wiki sita, akashinda chuoni akijifunza ushonaji kila siku hadi mkono uzoee cherehani. Akili yake inatulia kwenye jambo moja. Hata vyuo vikubwa vimeona faida hiyo: Colorado College nchini Marekani, tangu mwaka 1970, hufundisha somo moja kwa wiki tatu na nusu kabla ya kuingia jingine, na Victoria University ya Melbourne ilianza mfumo unaokaribiana na huo mwaka 2018.

Wasiwasi wangu uko kwenye hesabu. Katika vyuo vyetu, krediti moja hukadiriwa kuwa saa 10 za kujifunza, zikijumlishwa za darasani, za vitendo na za kujisomea, kwa hiyo moduli, yaani somo moja la kozi, ya krediti 12 inahitaji saa 120. Katika muhula wa wiki 15 hizo ni saa 8 kwa wiki. Zikibanwa ndani ya wiki 5 zinakuwa 24, na mwanafunzi akilazwa kwa malaria siku nne tu, amepitwa na mengi asiyoweza kuyafidia kirahisi. Chuo kinachotangaza wiki chache bila kutaja saa kinawanyima wazazi jambo la kwanza wanalopaswa kulijua kabla ya kulipa ada. Tena, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba yanayorudiwa kwa siku tofauti hukaa kichwani kuliko yanayorundikwa siku moja.

Kilimo ndicho kinachonisumbua zaidi, kwa sababu ndicho kinachotulisha huku Nyanda za Juu Kusini. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Mei, na mahindi ya ukanda wa baridi hukaa shambani miezi mitano, sita, au hata zaidi. Anayesoma kilimo cha mahindi kwa wiki sita mfululizo ataona upandaji asione mavuno, au atakuta mavuno bila kujua viwavijeshi vilidhibitiwaje. Atasimuliwa, naye atajibu mtihani vizuri, kisha mkulima wa Uyole au Njombe atamwonyesha jani lililotobolewa na atabaki kimya.

Kwa kozi za namna hiyo ningependa vyuo vigawe zile wiki sita katika awamu tatu, yaani wiki mbili wakati wa kupanda, mbili wakati wa palizi na mbili wakati wa kuvuna, huku mwanafunzi akirudi nyumbani kati ya awamu na kutunza kipande chake cha shamba, ambacho mkufunzi atakikagua kabla ya kumpa cheti.