Kisutu cha bibi na rangi ya kompyuta

Binamu yangu alichukua picha ya harusi ya bibi yetu, ile nyeusi na nyeupe ya studio iliyochanika pembeni, akaiskani, akaipitisha kwenye programu ya akili mnemba inayotia picha rangi na kuirusha kwenye grupu la ukoo. Watoto ambao hawakumwahi bibi wakaanza kubishana nani kachukua macho yake. Kisha shangazi akatuma sauti: "Kazi yenu imependeza, lakini kisutu gani hicho cha kahawia? Kisutu cha mama ni chekundu, ninacho mimi sandukuni."

Kosa lile lina sababu yake. Picha nyeusi na nyeupe huhifadhi kiasi cha mwanga tu, kwa hiyo nguo nyekundu na nguo ya kijani zinaweza kutoka na kijivu kilekile. Programu imefunzwa kwa picha nyingi mno za rangi zilizogeuzwa kuwa za kijivu, ikazoea kwamba nyasi ni kijani na anga ni buluu. Ikikutana na nguo ambayo ingeweza kuwa ya rangi yoyote, huangukia wastani, na wastani wa rangi nyingi ni kahawia iliyochujuka. Juu ya hapo, filamu nyingi za zamani, na vile vioo vya kupigia picha vilivyoitwa sahani, hazikuhisi wekundu: chekundu kilitoka karibu na cheusi. Kisutu, nguo ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, kimekwisha hapo. Ngozi zetu nazo, ambazo hurudisha zaidi mwanga wa upande wa wekundu, zilitoka nyeusi kuliko zilivyokuwa, kisha programu inapaka rangi juu ya giza ambalo ni la filamu, si la mtu.

Ndiyo maana wako wanaosema picha ya kale iachwe ilivyo. Nawaelewa, ila siwafuati hadi mwisho. Picha zilipakwa rangi kwa brashi tangu miaka ya 1840, na miaka ya 1860 studio ya mpiga picha Felice Beato kule Yokohama, Japani, iliajiri wachoraji wa Kijapani kwa kazi hiyo. Tofauti ni kwamba mchoraji wa zama hizo aliweza kumuuliza mteja shali yake ilikuwa ya rangi gani.

Na rangi ina nguvu yake, hilo halina ubishi. Marina Amaral, msanii wa Brazili, alitia rangi picha ya Czesława Kwoka, binti wa Kipoland aliyefia Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, mwaka 1943 akiwa na miaka 14. Ile pembetatu kifuani aliipaka nyekundu kwa sababu nyekundu ndiyo iliyokuwa alama ya wafungwa wa kisiasa; jambo hilo limeandikwa. Mchubuko wa mdomoni ulikuwepo tangu mwanzo. Rangi imeufanya uumize zaidi.

Iweke kando ya kisa cha mwaka 2021. Picha za wafungwa wa gereza la Tuol Sleng, Phnom Penh, Kambodia, walikofungwa maelfu kabla ya kuuawa chini ya utawala wa Khmer Rouge, zilitiwa rangi, na baadhi ya nyuso zikaongezwa tabasamu. Serikali ya Kambodia ilikuja juu, na chombo cha habari kilichozichapisha kikaziondoa. Wengi hulitumia hili kulaani utiaji rangi wote. Mimi naona tabasamu lile ni kosa la aina nyingine: rangi hukisia kisichoonekana, tabasamu lilifuta kilichoonekana.

Kinachonisumbua zaidi ni urahisi. Anayefanya kazi kwa mkono katika programu za kuhariri picha kama Photoshop au GIMP huweka rangi kwenye tabaka la juu, picha yenyewe ikabaki chini bila kuguswa, na kila nguo humlazimisha asimame ajiulize. Kitufe kimoja hakiulizi. Halafu ile ya rangi ndiyo inayosambaa, na baada ya miaka michache hakuna akumbukaye kwamba kahawia ile ilikuwa kisio la mashine.

Binamu ameirudia, safari hii shangazi akiwa kwenye simu na sanduku limefunguliwa. Kisutu sasa ni chekundu. Pazia la nyuma studioni hakuna aliyelijua, kwa hiyo limebaki kijivu. Mdogo wetu mmoja ameuliza kwenye grupu kwa nini picha haijamalizika.